Bata Aliyesema kwa Sauti ya Kaka Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba unijibu humu gazetini, si redioni, kwa sababu mama yangu hasomi lakini redio yake haizimwi tangu asubuhi, na jambo hili asilisikie kabla sijajua namna ya kumwambia.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nauza mchele Kamembe, huku Rwanda mpakani, nilianza na beseni kichwani kutoka Bugarama na leo nina kibanda chenye mizani yangu mwenyewe, hakuna aliyenishika mkono, kwa hiyo usinidhanie mtu wa kulialia. Nilizaliwa Bukavu, ng’ambo ya mpaka upande wa Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda, na utotoni kila Noeli padri mmoja Mtaliano alituwekea kaseti ya video ukumbini, sisi watoto benchi za mbele, mama na wakubwa wenzake nyuma, filamu ya kuchekesha ya bata bukini aliyenunuliwa achinjwe sikukuu akatoroka. Ilikuwa nzuri, lakini sehemu ya pili ndiyo iliyotuvunja mbavu: bata amerudi na ukoo wake wote, amevaa aproni ya mpishi, na kila akiona tanuri analia, “Miye siendi kwa mjomba!” Maneno hayo yakawa ya nyumbani kwetu. Mpaka leo mama akiunguza maharage anasema yameenda kwa mjomba.

Vita vya mwaka 1996 vilipofika Bukavu tulitawanyika, mimi na mama tukavuka huku, baba na kaka yangu Valens wakasukumwa na umati upande wa msituni, na tangu hapo kimya, miaka sita. Mama amekataa katakata misa ya marehemu isisomwe. Kila Noeli anaweka mezani sahani mbili tupu, na mimi ninayenunua nyama na dawa zake za presha nakula nikizitazama sahani hizo kama mtoto wa kambo.

Noeli iliyopita nikasema basi, mwaka huu tutacheka. Nikamwagiza Zulaikha, jirani yangu sokoni anayeuza kaseti na betri, anitafutie sehemu ya pili ya bata, akaipata, nikakodi televisheni na mashine yake, wanangu nimewasimulia bata huyo tangu wakinyonya, tukakaa, kumbe bata anapiga kelele za bata! Watu wanasema Kitaliano, bata kwaa kwaa, basi. Mwanangu mdogo akanigeukia, “Maman, ulitudanganya.” Mama akainuka katikati ya filamu akaenda kulala.

Sikukuu ilipopita nikambwagia Zulaikha kaseti yake mbele ya wateja.

“Umeniuzia mbovu!”

“Mbovu ya nini?”

“Bata hasemi!”

“Maman Mugwaneza, niangalie usoni. Bata tangu lini anasemaka Kiswahili?”

Soko lote likaangua kicheko. Nikamwambia alisema, nilimsikia kwa masikio yangu haya, alikuwa akimwita mpishi shemeji. Zulaikha akaacha kucheka.

“Ah, huyo! Huyo hayuko kwa kaseti, maman. Huyo iko ng’ambo, Kadutu, ni mutafsiri wa sinema. Anashika mikro, anawasemea bote, mupaka bata. Wateja wangu banasema akiona moto analia eti haendi kwa mjomba.”

Mshauri, niliacha mchele wa mteja juu ya mizani. Ndipo nilipokumbuka kwamba Valens alikuwa akisimama nyuma ya ukumbi karibu na mashine, na sisi wa mbele tulidhani amewekwa pale kuiangalia isile kaseti. Bata alikuwa yeye. Miaka yote hiyo nilimpenda bata wa kaka yangu nikidhani ni wa Wataliano.

Nilivuka daraja siku ileile. Chumba cha sinema kule Kadutu, Bukavu, kilikuwa giza, benchi zimejaa, nikamsikia bata anasema, na kabla sijalia nilicheka, nisamehe, nilicheka kama mtoto. Taa zilipowashwa nikamkamata shati.

“Weye! Uko hai?”

“Dada, usinipigie kelele hapa, bantu balilipa.”

“Mtu akitoka hapa asubuhi anafika kibandani kwangu kabla ya chakula cha mchana, na amepumzika njiani! Miaka sita!”

“Ninajua. Sasa ni mwaka wa pili ninajua muko kule.”

Alinipeleka kwake, nikamwona mkewe Nzigire na watoto wawili, na nje ya mlango akaniambia yaliyobaki. Baba alishikwa na homa kwenye njia ya Shabunda akafa mikononi mwake, akamzika mwenyewe kando ya njia. Aliporudi Bukavu aliambiwa sisi tuliisha wote, akaamini, mpaka mfanyabiashara mmoja alipomweleza kuwa mama ni mzima Kamembe. Hapo ndipo alipogwaya.

“Nikikuja, Mama ataangalia nyuma yangu kama Papa anakuja. Siku ataniona mimi, ndiyo siku Papa atakufa. Niache kwanza, dada. Apa hautasema.”

Nikaapa. Sasa ni wiki ya tatu. Nimefurahi, mshauri, nimetua mzigo ambao sikujua kama nimeubeba, nalala hadi jua linanikuta, naimba nikipima mchele hadi mama ananiuliza naimba nini. Na hapohapo nina hasira, maana mimi ndiye niliyekaa na sahani zile. Muuguzi ameonya presha ya mama haitaki mshtuko. Nikisema namuua baba, nikinyamaza namzika aliye hai. Nifanyeje?

Muuza mchele, Kamembe

JIBU

Muuza mchele wangu, pole, na hongera, na sasa shusha pumzi unisikilize. Majina nimeyabadilisha, na redioni barua hii haitasomwa.

Kwanza, hukuielewa Noeli yako mwenyewe. Mama aliinuka akaenda kulala, nawe unaliandika jambo hilo kama vile amechoshwa na Kitaliano. Mama yako alikuwa ukumbini na wakubwa wenzake, hakuwa mtoto wa benchi ya mbele. Alijua tangu siku ya kwanza nani ameshika kipaza sauti. Wewe ulimketisha sikukuu mbele ya filamu ya mwanawe bila sauti ya mwanawe. Hukukusudia, lakini usinieleze sana habari za mshtuko: ulikwishampa mmoja, na asubuhi aliamka.

Kaka yako naye simwachi. Valens, kama gazeti hili linafika Kadutu: bata umemtafutia maneno, mama yako umeshindwa? Hata hivyo, mtu aliyemzika baba yake kwa mikono yake njiani si mtoro wala si mwoga. Mjane anahitaji kulisikia hilo kutoka kinywani mwako, si kutoka sokoni, na sokoni litafika, maana wateja wa Zulaikha wanavuka kila siku.

Kiapo ulicholishwa mlangoni hakikufungi. Vuka wiki hii umwambie kaka yako siku umeshaipanga. Isiwe Jumapili, majirani watajaa. Aje mchana, kwa mlango wa mbele, pamoja na Nzigire na watoto, mama apate wa kushika. Asubuhi hakikisha amekunywa dawa na amekula, na umwombe yule muuguzi apite kama mgeni tu. Kisha sema maneno haya, usiongeze: “Mama, Valens yuko hai, yuko njiani.” Akikuuliza baba, mwambie Valens ndiye atakayesema. Na aseme yote: homa, mahali, nani alimfumba macho. Asitie sukari. Mama yako anaumwa kungoja, muuza mchele wangu, na dawa yake ni hiyo chungu. Baada ya hapo misa ya baba isomwe. Amenyimwa kilio chake miaka sita, msimnyime tena eti kwa huruma.

Hasira yako ni ya haki. Mpe kaka yako yote, lakini matanga yakiisha, na dawa za presha mzigawane: mwezi huu wewe, ujao yeye. Zulaikha kamwombe radhi mbele ya walewale waliocheka, na kaseti uichukue tena. Iweke kabatini. Siku mama atakapotaka kumwona bata ataiomba mwenyewe, na mtafsiri atakuwepo.

Siku Valens atakapokuja, ukikuta mama ameweka sahani mbili mezani, usiziguse. Moja ataipakulia chakula. Ya pili mwache aioshe mwenyewe, aifute, na airudishe kabatini kwa mkono wake.