Wifi, Walidhani Nimesusa

Wifi yangu Tatu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini wewe ni mkubwa kwangu na siwezi kuanza kukushtakia mdogo wako kabla sijakuamkia. Mambo mengine hayabadiliki kwa sababu tu mtu amekufa.

Huku Kihonda tupo. Rajabu bado anachomelea mageti kwenye kile kibanda chake, na jioni anarudi ananuka moshi wa chuma, anaulizia chakula kabla hajavua viatu. Mvua zimechelewa. Mama Mdogo anasema huko Kinole migomba imekunja majani. Kaburi lako wamelipalilia. Nilitaka kwenda mwenyewe nikashindwa, na wala si kwa kukosa nafasi. Nimeshindwa tu.

Sina mtu wa kumsengenya mume wangu naye, wifi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Watu wanasema mawifi hawapatani, na mimi nilipoolewa nilikuja nimejiandaa kwa vita. Siku ile ya kwanza ukaniita jikoni, ukafunga mlango ukauegemea, ukanipa kijiko tukwangue ukoko wa pilau wakati wanaume wanakula sebuleni. Ukasema, "Mke wetu, nyama ni yao, ukoko ni wetu." Tangu hapo kila Rajabu aliponuna nilikupigia simu, nawe ukampigia yeye, na jioni alirudi mpole akiniuliza kama nimeshtaki tena.

Sasa sikia yaliyonipata.

Baada ya hitima yako nilikwenda kupima hiyo sukari iliyokuondoa. Sikumwambia mtu. Nesi akasema sukari yangu imeanza kupanda, haijafika pa kumeza dawa, ila nisipoangalia itafika. Nilitoka pale naiona miguu yako, wifi. Nilikiona kile kidonda ulichokifunika kwa kanga ukatuambia umeumwa na mbu. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini kwa nini kikuumbue wewe? Nimekukasirikia sana kwa mbu wako huyo.

Mwenzangu ninayeshona naye fremu moja aliwahi kuipata hiyo sukari. Yeye ameacha ugali, wali, mihogo, magimbi na hata ndizi. Anakula mayai, dagaa, mchicha wa nazi, nyanya chungu, parachichi. Na mara mojamoja anafunga, anakunywa maji na chumvi kidogo tu, kutwa kucha mpaka kesho yake. Nikamuiga. Mwanzoni kichwa kiligonga na nikawa mkali, wateja wakaanza kunikwepa. Baadaye nikazoea. Nikajisikia mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu tukuzike nikahisi kuna kitu ninaweza kukishika kwa mikono yangu.

Rajabu alianza kwa utani. Aliuliza kama Ramadhani imerudi bila mwezi kuandama. Lakini unamjua, hawezi kula peke yake. Miaka yote tumekula sahani moja, yeye upande ule, mimi upande huu. Sasa mkono wangu hauji. Akawa anangoja, ugali unapoa. Akaanza kuniletea vitu, leo mkate wa kumimina, kesho mihogo ya kukaanga, keshokutwa nanasi limeshamenywa, ananiwekea mbele kama mtu anayebembeleza mgonjwa. Nikisema sili, ananiuliza nani kaniudhi. Nikisema hakuna, anajibu kwamba mtu hasusi bure. Nilijaribu kumweleza habari za wanga, bila kutaja kwamba nimepima, akasema babu zake wamelima mlimani kwa ugali na magimbi mpaka wakazeeka. Mwishowe na yeye akaacha kula nyumbani. Akawa anakula kwa mama lishe karibu na kibanda chake, na majirani wakaona, na unajua majirani.

Nikachukia. Nikafunga zaidi, kwa ukaidi tu, kupita hata mwenzangu alivyonielekeza. Asubuhi moja nikaanguka bombani, ndoo ikanimwagikia. Wanawake wakanibeba ndani na kuninywesha maji ya sukari, wifi, sukari ileile niliyokuwa naikimbia. Nesi alipofika alinigombeza kama mtoto. Alisema kupunguza ugali nimefanya vema, ila kufunga muda mrefu bila mtu wa kunifuatilia nikome. Rajabu alisimama mlangoni akisikiliza. Alitoka nje akapiga simu Kinole.

Wakaja Mjomba na Mama Mdogo, na jogoo kwenye kikapu. Kwenu mke akisusa chakula, anayeulizwa ni mume. Basi Rajabu, aliyewaita waje wanikanye, akajikuta yeye ndiye mshtakiwa. Mjomba akataka kujua kama ana mwanamke nje. Mama Mdogo akauliza kama ameniinulia mkono. Ungemwona mdogo wako alivyotoa macho. Kicheko kilinishika nikageuka kutazama mlango wa jikoni, nikukonyeze. Hukuwepo. Kicheko kikaisha hapohapo.

Jogoo akachinjwa, ugali ukasongwa. Mjomba akasema nimege tonge la kwanza mbele yao, kususa kuishe. Lile tonge liliniweka pabaya. Nikilila, nimekubali kwamba nilisusa, na kesho nitarudi kula kama zamani mpaka miguu yangu iwe kama yako. Nikilikataa, nimemwaibisha mume wangu mbele ya mjomba wake, na baada ya hapo sijui tungekaaje nyumba moja. Nikanawa mikono nikakaa nayo mapajani. Nikawaambia sijasusa, naogopa. Nikawaambia nimepima na nimeambiwa nini, nikawaambia habari za miguu yako. Mama Mdogo akajifunika uso kwa kanga.

Mjomba akamuuliza Rajabu kama alijua. Rajabu akainamisha macho kwenye sahani.

"Dada naye alianza hivihivi," akasema. "Nikimpa uji, ananiambia baadaye. Baadaye, baadaye, mpaka kijiko kikapoa mkononi mwangu."

Sikuwa najua. Zile siku zako za mwisho mimi nilikuwa narudi nyumbani kupika, yeye ndiye aliyebaki na kikombe kando ya kitanda. Hakuwahi kuniambia. Na mimi nikawa namkalia mbele kila jioni nikisema sili, naye nikamwona mkorofi, mwanaume anayejali tumbo lake. Nilimwonea huruma.

Kisha Rajabu akaingiza mkono kwenye bakuli akatoa firigisi. Wewe unajua firigisi ni nini katika nyumba yenu. Tangu baba yenu afariki hakuna aliyeitia meno isipokuwa yeye, hata wewe uliyemlea hukuwahi kuonjeshwa. Akaiweka upande wangu wa sahani.

"Kula hii," akasema. "Hii haina unga."

Nikaila huku nalia. Mjomba akatazama dari, halafu akaanza kuongelea mvua.

Sasa tunakula sahani moja tena, ugali upande wake, mboga na dagaa upande wangu. Siku nyingine naruka chakula cha jioni, nesi anajua na Rajabu anajua. Usidhani ameokoka. Mchicha wangu anauita majani ya sungura, na mayai yakiisha ananitazama kama nimevunja benki. Lakini anakaa na mimi hata nisipokula, ananieleza habari za mageti.

Limebaki moja, na ndilo lililonifanya niandike. Nilimwambia na yeye akapime. Alikataa. Nikamkumbusha damu yenu ni moja, ameanza mama yenu, ukafuata wewe. Juzi akaenda peke yake, na nguo za kazi. Aliporudi alikaa kizingitini, hakuulizia chakula. Yake imepanda kuliko yangu, wifi. Ameanza vidonge, na nesi amemkataza kabisa kuniiga kufunga. Aliniomba nisimwambie mtu. Nikasema nitamwambia mmoja tu, na huyo hawezi kumwambia yeyote. Alijua ni nani. Akainama akaanza kufungua kamba za viatu, na kamba zikamshinda, nikapiga magoti nikamfungulia.

Naogopa, wifi. Wewe ulikuwa unajua kumpigia simu na kumlainisha. Mimi sina sauti yako. Lakini nakuahidi nitasimama naye. Vidonge atameza. Kliniki nitakwenda naye hata akinuna njia nzima. Kidole cha mguu wake kikipata mchubuko nitakiona mimi kabla hajakiita mbu.

Kwaheri, wifi yangu. Mungu akulaze pema. Ulimbeba mgongoni akiwa mdogo, najua unamtamani. Usimtandikie mahali huko. Mwache kwanza azeekee kwangu.

Mke wenu,
Zuhura