Duara Lililobonyea

Mwenzangu, usinipigie. Nimejifungia chooni, nakuandikia.

Unakumbuka tiketi mbili nilizokata ili leo nimpeleke Babu uwanjani? Nilihangaika wiki nzima kupata viti karibu na mlango, kwa ajili ya magoti yake. Baba mdogo amekataa asubuhi hii. "Mzee hakumbuki kitu, atakuaibisha bure."

Unajua alichofanya? Alimvalisha Babu jezi, akamketisha sebuleni, akamwekea mechi ya zamani kwenye televisheni. Akamwambia ndiyo ya leo. Ya leo, mwenzangu.

Babu alitazama kama dakika kumi. Kisha akasema taratibu, "Hilo duara la katikati limebonyea. Nililichora mimi, siku kamba ya kupimia ilipokatika."

Miaka thelathini alichora mistari ya chokaa uwanja ule. Jina langu humpotea. Duara lake halijampotea.

"Siku hiyo bibi yenu alikuwa hai," akasema. Halafu akanigeukia mimi. Mimi. "Na wewe ulijua si ya leo?"

Baba mdogo akacheka. "Tulia, mzee, mpira ndio kwanza unaanza."

Nikamwambia mbele ya familia yote, "Unamfanya baba yako mjinga ndani ya nyumba yake."

Sasa wamekaa kikao, wananisubiri nitoke nimwombe Baba mdogo radhi. Mechi ya kweli imeshaanza. Babu ameugeukia ukuta, jezi bado mwilini, hataki mtu amvue.

Nitatoka. Radhi siombi.