Samli Usoni kwa Doto

Misugusugu, Kibaha
Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ulinilea nijue kwamba hasira haifuti heshima. Goti lako linaendeleaje? Mvua huko Meatu zimeanza, au bado mnatazama mawingu? Mimi mzima. Cherehani yangu pale Kwa Mathias haipumziki, ni msimu wa sare za shule.

Ila nimekasirika, mama, na wewe ni mmoja wa walionikasirisha. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia mimi hunyamaza. Mwambie mdogo wangu Mhoja akusomee yote, asiruke mstari.

Ni habari ya pacha wangu. Unakumbuka nilikwambia nilimpeleka Doto kwa daktari wa ngozi kwa yale mabaka makavu ya usoni. Kipande kilipimwa, ikaonekana ni kansa, lakini bado iko juu juu. Kwetu sisi wenye ualbino, kuikuta ikiwa juu juu ni bahati. Daktari alitueleza polepole. Doa moja mawili hugandishwa kwa gesi ya baridi kali, dakika chache tu, linatoka lengelenge na kukauka. Mimi nimegandishwa mawili mkononi, nayajua. Ya Doto yametapakaa mashavu yote na paji la uso, huwezi kumgandisha mtu uso mzima. Yapo pia matibabu ya kupakwa dawa na kumulikwa mwanga, lakini pale kliniki hawana. Basi akapewa dawa ya kupaka, asubuhi na jioni, wiki sita.

"Uso utawaka," daktari alisema. "Utakuwa mwekundu, utachubuka, utatoa magamba. Hapo ndipo inafanya kazi. Msije mkaiacha."

Wiki mbili za kwanza alikuwa hapa kwangu, nikimpaka mwenyewe. Kisha mke wa mjomba akajifungua, Doto akarudi Kisarawe kusaidia. Nilimweleza mjomba kila kitu. Akaitikia, "Nimeelewa, mpwa wangu, ondoa shaka."

Ameelewa nini? Wiki ya tatu uso ulipowaka, alimpiga picha akakutumia. Nawe, mama, bila hata kuniuliza, ukaagiza, "Tupeni hiyo sumu, mpakeni samli." Ng'ombe wapo, samli ipo. Tyubu ikatupwa chooni.

Nilikwenda Jumamosi ya wiki iliyopita. Nilimkuta Doto uso laini, unang'aa kama andazi, na mjomba amechinja kuku.

"Tazama mwenyewe!" akaniambia. "Madaktari wenu wanaunguza watu. Samli ya dada yangu imemaliza kazi."

Watu wanakula, wanacheka, wananiwekea paja. Sikuligusa. Nilipitisha kidole kwenye shavu la Doto, nikayakuta mabaka, makavu, yanakwaruza vilevile chini ya samli. Uso ulipoa kwa sababu dawa iliachwa, si kwa sababu ya samli! Mlisherehekea ugonjwa kupumzika.

Jumatatu nikamrudisha kliniki. Daktari akagusa, akauliza nani katuambia tuache. Doto akasema, "Mama." Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Alisema bado iko juu, tuanze upya tangu siku ya kwanza, na ikija ikazama ndani, hakuna cha kupaka wala kugandisha, ni kisu.

Wenyewe mnasema dawa ya moto ni moto. Mbona hii mkaizima?

Najua uliogopa. Tulipokuwa wadogo ulitufungia ndani mchana kutwa, na tulijua ni kwa nini. Huo woga ulituweka hai, nakushukuru. Lakini mama, woga huohuo sasa unamla Doto uso.

Leo ni siku yake ya saba. Yuko hapa, anachambua mchele kwenye ungo, kofia kichwani ingawa tumo ndani. Mashavu yameanza kuwaka. Kisarawe harudi mpaka wiki sita zitimie, mjomba atafute mwingine wa kubeba mtoto. Picha sitatuma. Ukitaka kumwona, panda basi uje, umpake kwa mkono wako.

Nisalimie baba, mwambie kofia pana alizotushonea za turubai tunazivaa bado. Msalimie bibi, na Mhoja msomaji, ambaye najua hapa amekohoa. Mjomba nitamsalimia mwenyewe, hasira ikipoa.

Mara ya mwisho uliposema "tusubiri, ipoe yenyewe" ilikuwa ni mimi, na nilikutii. Doto sitamwacha akutii.

Nakupenda, mama.

Mwanao,
Kulwa, mwenye sikio moja na nusu