Mama na Baba Midomoni

Baba mpendwa,

Mahindi ya huko Wamagana yameota? Hapa Nyeri mvua imezidi. Yunifomu yangu ya unesi haikauki, lakini siihitaji. Mwalimu amesema ati nisiingie wodini kwanza.

Kuna mtoto mahututi aliyeita. Unajua mimi husoma midomo, na midomoni "mama" na "baba" hufanana kabisa. Nilikuwa nimeomba mtu wa kuniandikia yanayosemwa, nikaambiwa ningoje. Nikakimbia kumleta mama yake. Alipomsikia mtoto, akanionyesha kwa kidole mlangoni, alikokaa babake. Ndiye aliyeitwa. Babake alipofika kitandani, mtoto alikuwa ameshakata roho.

Baba, ile homa iliponiziba masikio nikiwa mdogo, mimi nilimwita nani?

Binti yako,
Nyaguthii