Ramadhani, Lucca Nimeifika Kweli

Ramadhani, ndugu yangu wa Buyenzi,

Nakuandikia nikiwa saluni, hapa hapa Galerie d'Ixelles, Brussels. Mlango nimefunga. Wateja wanagonga kioo, nami nawapungia mkono kwamba mfalme wa mashine amepumzika. Wewe unanijua, tangu lini nikafukuza kichwa? Lakini leo akili yangu haipo kwenye mashine. Nikimnyoa mtu nitamwachia ramani ya Burundi kisogoni.

Juzi nimerudi kutoka Lucca. Ndiyo, Lucca ya Italia, ile yetu. Nilikwenda na binti yako Zaina.

Ningefanyaje? Baada ya kukuzika ilipita miezi, kisha siku moja akaja hapa akasema, "Tonton Seif, ami yangu, nipeleke pale ambapo baba alikuwa na furaha. Unionyeshe ukuta ule alioswalia alfajiri." Tiketi mbili ameshazikata. Na saluni imejaa watu, Ramadhani! Watu niliowasimulia safari ile miaka tisa, kila kichwa kilichokaa kwenye kiti hiki. Wakapiga makofi. Nami nikasema, bon, Lucca naijua kama kiganja changu.

Kiganja gani? Lucca tuliizuru tukiwa chumbani kwetu Saint-Josse, hapa hapa Brussels, ghorofa ya tatu, mapazia yamefungwa. Agosti ile Galerie nzima walikuwa wanaondoka, huyu Hispania, yule Paris, na mdomo wangu huu ukasema sisi tunakwenda Italia. Kadi yako ya ukaazi haikutoka pale commune, ofisi ya mtaa, safari ikafa. Wewe ulitaka tuseme ukweli. Mimi nikasema, wallahi, bora nife kuliko wale wanicheke. Basi siku kumi na nne tukajifungia ndani, simu zimezimwa, tunakula makaroni, wewe unanisomea kile kitabu cha watalii cha Kifaransa ulichookota sokoni, maana mimi darasa la tano lilinishinda. Mnara wenye miti kichwani. Kiwanja cha duara kama yai. Tulipotoka, watu wa Galerie wakasema, "Eee, jua la Italia limewapiga!" Jua gani, jamani! Tulikuwa tumepauka kama mihogo iliyomenywa.

Nilicheka mwaka mzima. Wewe hukucheka sana. Ulishamwambia Zaina kwenye simu, wakati ule yupo bado Bujumbura, kwamba uliswali alfajiri juu ya ukuta wa mji, chini ya miti. Ukaniambia, "Seif, nimemdanganya mtoto, na sala nimeiingiza humo." Nikakwambia mtoto atasahau.

Hakusahau.

Tulipoingia mjini nikatangulia, kifua mbele, kama mimi ndiye meya. Nikapotea mara nne. Kila nikipotea nasema, mji umebadilika. Zaina akanitazama. "Tonton, haya mawe yana miaka mia ngapi? Yamebadilika lini?" Nikacheka, nikakunja kona nyingine. Na mji wenyewe ni mzuri, ndugu yangu. Kitabu hakikutuambia kwamba asubuhi unanuka mkate, wala kwamba ukuta ni mpana hivyo, watu wanaendesha baiskeli juu yake, vizee vinabishana kwenye mabenchi. Ungeupenda. Kila kona nilikuwa nageuka nikuoneshe.

Tukafika chini ya miti. Zaina akatoa kofia yako kwenye mkoba, akaiweka kwenye nyasi. Akauliza, "Ni hapa?" Nikaona midomo yangu inataka kusema ndiyo. Imezoea. Akainua mikono akusomee Fatiha, na hapo, Ramadhani, nikaogopa kuliko nilivyoogopa siku tuliyokimbia Buja. Porojo zangu za saluni nitajibu mwenyewe. Lakini mtoto aombee baba yake mahali ambapo mimi ndimi niliyemwekea uongo? Nikamshika mikono. Nikamwambia yote. Pazia, makaroni, kitabu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Aliokota kofia, akaipangusa nyasi, akauliza jambo moja tu. "Na siku ile matokeo yangu ya mtihani yalipotoka? Nilikaa kwa Mama Aisha jirani, karibu na simu, nikimsubiri apige, kuanzia asubuhi hadi Magharibi. Baba aliniambia kule Italia hakupata simu. Alikuwa wapi?"

Nikasema, "Saint-Josse." Yaliyobaki nikayaficha. Akairudisha kofia mkobani, akatangulia kushuka ukutani.

Hiyo ndiyo sababu mlango umefungwa. Asubuhi ya leo amenitumia ujumbe, "Tonton, Jumapili nakuja kula kwako. Nataka kusikia siku ile." Tazama mambo! Mimi niliyezungumza na mapolisi wa mipaka mitatu nikawachekesha wote, sasa namwogopa msichana mmoja anayenipenda. Nimebaki na nani wa kwetu hapa? Nikimpoteza yeye nimekupoteza mara ya pili. Jana nilijaribu kutengeneza maneno. Eti ulikuwa na homa. Eti duka la simu lilifungwa. Yalitoka matamu, unajua ninavyoyatengeneza. Yangeweza kupita.

Hapana. Hayatapita. Nisamehe, ndugu yangu. Hata pale hospitali nilikaa karibu nawe wiki tatu nikikutolea vichekesho, hili nikaliruka, na wewe kwa adabu yako hukunikumbusha.

Haya, Ramadhani. Mungu akupanulie kaburi, akupe nuru. Salamu zako za kila Ijumaa nitaendelea kukuletea, miguu ikiwepo. Na Jumapili, nakuahidi, kabla hata hatujanawa mikono, nitamwambia mtoto hivi: siku ile baba yako alivaa viatu vyote viwili aende kukupigia, duka la simu lilikuwa pale chini, na aliyekaa mlangoni akamzuia kutoka, kwa kuogopa kuchekwa, ni mimi.

Seif wako