Kauboi Asiyekuwa na Mtani

Ngokolo, Jumamosi, 14 Desemba 1974

Yule kauboi wa sinema ya leo anapiga risasi vizuri, sikatai, lakini mikono yake inachelewa. Mimi nilishamkamata fisi kwa sikio. Hata hivyo waliomchomea nyumba aliwamaliza mji mzima, hakubakiza hata wa kuzika wenzake.

Tatizo ni kwamba wiki nzima nimejisifu kilabuni kwamba Masanja, ambaye ng'ombe wake wamekula pamba yangu changa, nitamkomesha hadharani. Tunatoka sinema, Masanja huyo hapo nje, ananunua karanga. Mpwa wangu Kulwa akapaza sauti, "Mjomba, si ndiye huyo!"

Ikabidi nitembee kama kauboi, mkono kiunoni. Masanja akaziweka karanga chini. Ana mabega yule, Mungu wangu.

Mara Chilewa, mtani wangu Mgogo, akajipenyeza katikati yetu, akanifunua koti.

"We Msukuma, bastola iko wapi? Naona kopo la ugoro tu! Unataka kumuua mwenzio kwa chafya?"

Watu wakaangua kicheko. Masanja naye alicheka mpaka akaniomba ugoro. Sasa mtu akikuomba ugoro utampigaje? Amesema Jumatatu atakuja na jembe, tupande upya pamoja.

Maskini kauboi hakuwa na mtani. Angekuwa naye, sinema isingefika nusu.

Chilewa anadai jogoo, eti ada ya kuniokoa. Nimeshamchagulia yule mnono. Kilabuni nitasema ameniibia.