Vinundu vya Baba

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko? Mimi huku mzima, ila pua tu imejaa unga wa rangi.

Kile kishikio cha ngazi nilichokuja kuking'oa wakati wa likizo kimekwisha kupakwa rangi hapa karakana. Kinakuja na lori Alhamisi, fundi atakifunga. Ungekiona! Nimesugua kutu yote, nikakiosha, nikakining'iniza na kukipulizia unga. Unga wenyewe hushika chuma kwa nguvu ya umeme. Kabla ya tanuri ukiupuliza kwa mdomo unaruka wote, lakini ukishaokwa hautoki ng'o. Vile vinundu alivyoviacha marehemu baba alipokuwa akichomelea nimevisaga vyote. Sasa kiko laini juu hadi chini, wala mgeni hatatuona watu wa hovyo.

Mwanao, kitindamimba

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Kishikio kimefika, majirani wanasema kinang'aa kama sahani mpya. Ahsante, umejitahidi.

Vile vinundu umevitoa vyote? Hata vile viwili vya chini? Nauliza tu.

Mama yako

1 Machi

Mama,

Shikamoo. Afya yako? Herufi zako siku hizi kubwa kama za bango la duka! Au unataka nisome bila kufungua bahasha?

Nimevitoa vyote, mama, na hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vibaya zaidi. Nadhani mzee alikuwa na haraka siku hiyo.

Kitindamimba wako

12 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mwezi na zaidi, kimya. Kama ni ule utani wa herufi, nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja, roho itulie.

Mwanao

25 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Anayeandika ni jirani yangu mshonaji, ambaye pia hunisomea barua zako; mimi natamka tu. Usishtuke. Nilianguka ngazini, nikavunjika mkono wa kulia. Umefungwa plasta, unaendelea vizuri.

Nilitaka kukuficha, lakini jirani amekataa kata kata kuandika uongo. Huu mwaka wa tatu, mwanangu, macho yangu yanaona ukungu mtupu. Niliona aibu kuwaambia, nikamkataza na baba yenu asiseme. Ndipo akaniwekea vile vinundu: kimoja pale ngazi inapokata kona, viwili vilivyokaribiana kabla ya kidato cha mwisho. Nilisimama ngazini mkono juu ya chuma, naye akawa ananiuliza, "Hapa? Au chini kidogo?" Baba yako hakuacha kinundu kwenye kazi yake kwa bahati mbaya hata siku moja.

Vilipoondoka nikawa nahesabu vidato. Siku hiyo nilikosea hesabu, nikadhani nimeshafika chini.

Mama yako

3 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Mkono unauma bado? Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha kupulizia, nimevaa barakoa, na nashukuru nilikuwa nayo. Sina pa kuuweka uso.

Kuna jambo sijakwambia. Nilipokifikisha kishikio karakana, msimamizi alikipapasa akacheka, "Nani kamwaga uji hapa?" Nikamjibu, "Fundi mmoja wa mtaani, wala simjui." Simjui! Mtu aliyenifundisha kushika chuma! Nikacheka pamoja naye na wenzangu, kisha nikavisaga mbele yao ili mtu asiviulize tena.

Nataka kuvirudisha. Nitakwangua rangi pale pale, nichomelee upya. Ila sijui vilikuwa wapi hasa, maana nilisaga mpaka hapakubaki hata alama. Nikija, utanipokea?

Mwanao

20 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Mkono unapona. Hasira ninazo, sikufichi. Kuanguka kwangu tugawane, kwa sababu mimi nami nilificha. Lakini kumkana baba yako ni kwako peke yako. Mwambie kwanza msimamizi wako ile kazi ilikuwa ya nani, ndipo upande gari.

Uje na chaki. Utatangulia mbele yangu, nami nitashuka taratibu nikiwa nimeshika. Mkono wangu utakaposimama wenyewe, weka alama.

Mama yako, kwa mkono wa kushoto